Pedali Pacha ya Mjapani

Tampere, 21 Januari 1996

Shangazi Helka,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baridi imefika mahali pa mtu kuitukana. Mkate ninaopewa kazini nikiubeba mkononi unafika nyumbani tofali. Baba alipiga simu Jumapili. Anasema jirani alikuja kukuondolea theluji mlangoni, ukamnyang'anya koleo ukamfukuza. Nikamwambia hiyo si habari, hiyo ni desturi. Yeye mwenyewe mgongo unamsumbua, na bado hataki kusikia neno ngoma likitajwa mezani. Eti katika ukoo mmoja mwanamke mmoja wa kupiga ngoma anatosha, na huyo ameshapatikana. Nisalimie paka.

Sasa nisikilize, na usicheke mpaka nimalize. Nimepata bendi. Inaitwa Kalmanhalla, na wanapiga ule muziki wa chuma ambao wewe uliusikia redioni ukauliza nani kapinduka na lori la kokoto. Mwenye bendi ni Jarkko, anapiga gitaa na kupiga mayowe. Ana kipaji, usianze.

Sharti lake ni hili. Mwezi wa saba tunapiga kwenye tamasha, jukwaa dogo nyuma ya vibanda vya soseji, lakini ni jukwaa. Miguu yangu ikifikia kasi ya nyimbo zao kabla ya hapo, stuli ya ngoma ni yangu moja kwa moja. Isipofikia, kuna jamaa wa Lahti anaitwa Miska anasubiri kupigiwa simu. Naitaka stuli ile, Shangazi. Sijawahi kutaka kitu hivi. Sitaki kuzeeka nikikanda unga wa watu.

Kwa hiyo nahitaji pedali pacha: zile mbili zilizounganishwa kwa ufito, mguu wa kulia na wa kushoto ikipokezana kuipiga ngoma kubwa moja. Nilikwenda dukani. Muuzaji akaniuliza, "Unamnunulia mpenzi wako?" Nikamwambia najinunulia mwenyewe. Akaita mwenzake aje aone. Wakasimama pembeni wamekunja mikono nikijaribu pedali tatu.

Ya kwanza ya Mmarekani. Kirungu kinachogonga ngoma kinavutwa na cheni, ina uzito, unausikia mguuni kirungu kikienda na kikirudi. Ukipiga, ngoma inajua imepigwa. Ila wimbo mmoja tu paja lilikuwa linawaka moto. Ya pili ya Mjapani. Haina cheni, ina ufito wa chuma moja kwa moja kutoka kwenye bamba la kukanyagia hadi kwenye kirungu. Nyepesi, kasi ya ajabu, bei ya kutia kichaa. Ya tatu imetengenezwa Taiwan. Bei yake ni ya binadamu, lakini kila nikikanyaga springi inalia kwii. Muuzaji akasema itaacha ikishazoea.

Wewe umekanyaga ngoma tangu sijazaliwa, ingawa ni kwa ajili ya wazee wanaosukumana sakafuni kama kabati linalohamishwa. Niambie nichukue ipi.

Siru


Kuikkala, 9 Februari

Siru binti wa Armas,

Marahaba. Paka alikufa Novemba, kwa hiyo salamu zako nimempa jirani, yule yule wa koleo. Alishukuru. Mimi sijambo, ghala la kuni limejaa, na sauna imepata mlango mpya. Baba yako mwambie mgongo humuuma mtu aliyeukalia miaka thelathini.

Habari za pedali zako nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, na bado ni upuuzi. Pedali ni bamba, springi na kirungu. Basi. Mtu akianza kukueleza zaidi ya hapo, shika mkoba wako uondoke.

Ya Taiwan wape watoto wachezee. Kitu kinacholia dukani kitanyamaza jukwaani, siku hiyo hiyo kitakapokatika. Ya Mmarekani ni nzuri kwa mtu mwenye nyama za mapaja, ambazo wewe hukurithi upande wetu. Ya Mjapani naijua, yule kijana wa bendi ya Kurikka alikuja nayo hapa akajigamba jioni nzima. Ni ya kasi kuliko zote, sikatai. Lakini ule ufito hausamehe. Cheni ina kulegea kidogo, na mkanda wa ngozi kama wangu una kulegea zaidi, na kulegea huko humeza makosa ya mguu. Ufito haumezi kitu. Mguu wako ukitetemeka, ukumbi mzima unajua umetetemeka.

Na hiyo kasi mnayoililia! Pedali yoyote inakimbia, mwanangu. Iambie itembee, ndipo utaijua. Rudi dukani, wale vyura wawili waambie wafunge midomo, piga polepole na chini kabisa, kiasi kwamba mtoto aliyelala chumba cha pili haamki. Pedali itakayokubali hilo, nunua. Hutafanya hivyo. Nakujua.

Kuhusu huyo Jarkko sina la kusema, ila hili: mwanamume anayempa mtu stuli ya kuazima mpaka Julai hajampa kitu. Amemweka hapo mpaka apatikane amtakaye. Na wazee wangu unaowaita makabati wanajua kumshika mwanamke bila kumkanyaga, jambo ambalo huyo wako wa mayowe hajawahi kulisikia.

Nina haja moja. Sikukuu ya Juhannus, mwezi wa sita, njoo unishikie ngoma kwenye ukumbi wetu wa dansi. Jumamosi hiyo moja tu. Usiniulize kwa nini.

Helka


Tampere, 30 Machi

Shangazi yangu mwenye ulimi wa wembe,

Shikamoo, na pole ya paka. Hukutuambia. Wiki zimepita nyingi bila barua, najua, usinune. Nimekuwa nafanya zamu za alfajiri na za jioni pia. Binamu Outi amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Helmi, na Baba amelia hospitalini halafu akasema ni mafua.

Nimenunua ya Mjapani. Akiba yote ya tangu vuli imeishia pale, na sijuti. Shangazi, hujui raha yake! Mguu ukishuka, kirungu kimeshafika. Hakuna kusubiri cheni ijinyooshe. Nimekaza springi mpaka mwisho, bamba linarudi lenyewe kabla sijaliomba. Nimeweka na virungu vya plastiki ngumu badala ya vile vya sufu, maana sufu inameza sauti. Ule mtihani wako wa mtoto aliyelala sikuufanya. Mimi sipigi ili watoto walale.

Jarkko aliipenda hata kabla ya kunisalimia. Alipiga magoti akaikagua kwa tochi. Kisha akasema tutie na kidude cha umeme, wote wanatumia siku hizi. Kinabanwa kwenye ngozi ya ngoma, kina waya, na kirungu kikigusa tu, hata kwa udhaifu gani, spika zinatoa mshindo mmoja ule ule mkubwa uliorekodiwa kabla. Mguu ukichoka hakuna anayejua. Kwa hiyo kasi naipata, karibu yote.

Mazoezi yanaendelea vizuri. Jarkko husema mambo, lakini ndivyo alivyo. Juzi alisema napiga kama mtu anayekanda unga, wengine wakacheka, nami nikacheka.

Sasa na mimi nina swali. Baba amesikia kwa mke wa muuza petroli kwamba ulionekana Seinäjoki, penye hospitali kubwa, na kwamba siku hizi unachechemea. Ni nini? Ni mguu wa ngoma? Ndiyo maana unataka nikushikie? Niambie ukweli, tafadhali. Nina hofu.

Siru


Kuikkala, 14 Aprili

Siru,

Marahaba. Mtoto wa Outi mwambie karibu duniani, na amepewa jina zuri, limekaribia langu. Barafu ya ziwani imeanza kupasuka. Mke wa muuza petroli angepewa ngoma tungeisikia mpaka Vaasa.

Seinäjoki nilikwenda kununua viatu. Sitaki kuulizwa tena.

Kidude cha umeme. Nimekaa nacho kikombe kizima cha kahawa, nikajaribu kukiheshimu, nimeshindwa. Umemlipa Mjapani akiba yako yote ili ausikie mguu wako, halafu ukambana kidude ili mguu usisikike. Unabonyeza kengele ya mlangoni, binti wa kaka yangu. Kengele hata mbuzi akiisugua inalia. Utajuaje kama umefika hiyo kasi yao? Atajuaje huyo bwana? Au hataki kujua?

Nawe ulicheka. Hilo limenikera kuliko kidude. Mtu akikutukana kwenye stuli unayoikalia, usicheke naye. Nilipoanza hapa, mpiga akodiani Lauri alisema mwanamke ngomani ni kuku kwenye kanisa. Sikucheka. Nilimharakishia humpa, ile dansi yetu ya mbio, mpaka akatoa jasho kwenye masikio, na tangu siku hiyo anapiga akiwa amefumba macho na kufuata mguu wangu. Ndiyo heshima pekee niliyoiona katika muziki.

Juhannus unakuja au huji? Jibu neno moja.

Helka


Tampere, 19 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nakuja.

Wote wazima. Baba ananuna kwamba nakuja kwako na si kwake. Miska wa Lahti alipita mazoezini wiki iliyopita. Alikuja kusikiliza tu. Aliuliza kama pedali ni yangu au ya bendi.

Nitakuja na pedali yangu. Ile yako ya mkanda wa ngozi iweke makumbusho.

Siru


Tampere, 25 Juni

Shangazi,

Shikamoo ya shingo upande. Nimefika salama, basi lilijaa watu wa sikukuu wananuka moshi na bia. Baba anakusalimu. Salamu zimekwisha.

Umenidanganya! Mimi nimekuja Kuikkala na moyo mkononi nikidhani shangazi yangu anaficha ugonjwa. Ufunguo wa ukumbi umeuacha kwa Lauri, wewe mwenyewe huonekani, na Lauri anasema, "Helka yupo, yupo," na kugeuza uso. Nikajua uko hospitali. Nikafunga pedali, nikaketi. Nyimbo za kwanza hazikuwa mbaya, au nilidhani hivyo, mpaka bibi mmoja alipokuja kuniambia ngoma yangu inamgonga visigino kama polisi mlangoni. Nikapunguza. Pedali haikutaka kupungua. Nilikaza springi kwa ajili ya lori la kokoto, na sasa natakiwa kupiga tango, na kila nikishusha mguu kidogo, kirungu kinaruka kinagonga tena chenyewe. Nilitokwa jasho kuliko siku yoyote ya Kalmanhalla.

Halafu nikainua macho, nikakuona. Umekaa kwenye benchi la wanawake! Nguo ya bluu! Nywele zimepangwa! Mguu mzima kabisa! Na mwanamume mrefu mwenye masikio makubwa anakuja mbele yako, anainama, nawe unasimama kwenda kucheza. Wewe, uliyewaita wacheza dansi wote wa huko Ostrobothnia pia za watoto zinazojizungusha.

Ndipo nikaharibu. Najua desturi, usinifundishe, nimekulia humo. Mwanamume akikuomba mnacheza nyimbo mbili, kisha anakurudisha kwenye benchi lako. Kati ya wimbo wa kwanza na wa pili ngoma kubwa inapigwa mara mbili, maana yake bakini hapo hapo, mwingine unakuja. Wa pili ukiisha ngoma inapigwa mara moja, taratibu, asanteni, rudini. Tango la pili likaisha. Nikapiga mara moja. Naapa nilipiga mara moja. Kirungu cha Mjapani kikaruka kikapiga cha pili.

Na Lauri wako, kwa ile heshima yako uliyoniandikia, amefumba macho. Kasikia mbili, akafungua akodiani akaanza la tatu.

Hakuna aliyeweza kuondoka. Nani atamwacha mwanamke katikati ya sakafu wimbo ukilia? Ukumbi mzima ukacheza la tatu, na kila mtu anajua la tatu maana yake ni mapenzi. Mke wa daktari wa mifugo alikuwa mikononi mwa mtu yule yule ambaye watu walikuwa wakimtaja tangu Krismasi. Wale ndugu wawili wa shamba la kaskazini walikuwa wamechukua kila mmoja mchumba wa mwenziwe, kwa adabu tu, na sasa hawajui waangalie wapi. Nilitaka ardhi ipasuke. Mapumzikoni yule bibi wa visigino akanijia tena, akaniambia, "Binti, umetuoza sote bila mchungaji."

Watu wa kamati walinipa kahawa na mkate mtamu wa pulla bila kuniangalia usoni. Nawe hukuja hata kunisalimia. Kwa nini?

Siru


Kuikkala, 3 Julai

Siru, mwanangu,

Marahaba. Nyasi zimekatwa, mbu ni wengi, baba yako amenipigia simu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka kuniuliza kama ni kweli nilicheza. Nikamwambia ni kweli.

Ulipiga vibaya. Nianze hapo ili tusidanganyane. Humpa ulizipiga kwa mguu wa mtu anayekanyaga mende, na tango zako zilikuwa zinaogopa. Kamati wamesema hawakutaki tena. Kati ya hao wa kamati hakuna hata mmoja anayeweza kupiga mlango ukafunguliwa, kwa hiyo maoni yao nimeyaweka nilipoyaweka.

Sasa swali lako. Seinäjoki nilinunua viatu, kama nilivyokuambia. Viatu vya kuchezea dansi, soli ya ngozi. Nilikuwa navivaa jikoni na kujifunza peke yangu nimeshika ufagio, vikanitoa malengelenge, ndiyo maana nilichechemea. Ungekuwa umeniuliza habari za viatu badala ya ugonjwa labda ningekwambia. Labda.

Miaka yote ile nimekaa nyuma ya ngoma nikiwaangalia watu wakishikana. Niliwaita wapumbavu, kwa sauti, wewe mwenyewe umenisikia. Hakuna mwanamume anayeweza kumwomba dansi mwanamke aliyeshika fimbo mbili, Siru. Hakuna aliyejaribu. Nilipotimiza sitini na nne mwezi wa kwanza nikajiambia, nitakaa kwenye benchi lile Jumamosi moja, nione kama nitaombwa. Nisipoombwa nitarudi kwenye stuli yangu na hakuna atakayejua, zaidi ya wote. Ndiyo maana sikukuaga wala kukusalimia. Nilikuwa naogopa. Haya, umelisikia.

Yule mwenye masikio ni Voitto, alikuwa anaendesha lori la maziwa, mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Hajui kuongea. Wimbo wa kwanza alisema mvua haikunyesha. Wa pili alisema lakini inaweza. Wa tatu, ule uliomlazimisha wewe, alisema hajawahi kuelewa kwa nini ngoma ya Kuikkala ilikuwa nzuri hivyo mpaka leo ilipokuwa mbaya. Nimekaa na maneno hayo tangu sikukuu. Amekuja mara mbili kunitengenezea mlango wa sauna, ambao ni mpya.

Kwa hiyo kosa lako silisamehe, maana sina cha kusamehe. Lakini sikiliza. Ulisikia mwenyewe jinsi ile pedali ilivyokusema mbele za watu. Haikukosea. Ilisema kweli. Huko kwenu imezibwa mdomo kwa waya. Kabla ya tamasha king'oe kile kidude, mbele ya huyo bwana, upige nyimbo zake zote kwa miguu yako peke yake. Ukishindwa, utajua umeshindwa. Ukiweza, naye atalazimika kujua. Legeza springi kwanza, na jizoeze polepole. Najua ni aibu. Fanya.

Helka


Tampere, 24 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nianze na salamu maana najua utazitafuta. Baba anakuja kwako Jumapili na mkate wa shayiri, eti kumwona Voitto, lakini Voitto umwambie amekuja kwa ajili ya mlango. Helmi ameota jino. Nguo ya bluu ilikupendeza sana. Mwezi uliopita nilikuwa nimekasirika mno, nikashindwa kukuandikia hivyo.

Nilifanya ulivyosema. Nililegeza springi, nikajifungia ghalani kwa rafiki yangu kila baada ya kazi, nikapiga polepole mpaka nikajichukia. Ulisema kweli, kutembea ni kugumu kuliko kukimbia. Wiki ya kwanza niligundua mguu wangu wa kushoto haujawahi kupiga ngoma maishani mwake. Ulikuwa unagusa tu, na umeme unafanya kazi yake. Nililia, halafu nikaendelea. Polepole ukaanza kusikika, kisha ukaanza kwenda. Ile pedali nilianza kuipenda upya, maana sasa nilipofanya vizuri ilisema pia.

Jana yalikuwa mazoezi ya mwisho kabla ya tamasha. Nilifika nikaung'oa waya mbele yao. Jarkko akaniuliza nina kichaa. Nikamwambia, "Ulisema kabla ya tamasha. Sikiliza." Nikapiga nyimbo zote, na ule wa mwisho unaotuua. Bila waya, Shangazi. Nilifika. Mpiga besi aliacha kabisa kupiga akabaki ananiangalia miguu. Hakuna aliyekuwa na shaka pale ndani, na Jarkko mwenyewe hakuwa nayo, nilimwona.

Basi akaanza kuangalia viatu vyake. Akasema vizuri, vizuri sana, kwa kweli vizuri. Akasema si suala la kasi. Akasema watu wakija kuwaona Kalmanhalla wanategemea kuona kitu fulani. Nikamwuliza kitu gani. Hakuhitaji kujibu, maana mlango ulifunguliwa na Miska akaingia na fimbo zake mfukoni, ameshapigiwa simu siku nyingi. Hakunisalimia. Aliangalia chini, kwenye ngoma.

Sikucheka safari hii. Nilimtazama Jarkko nikaona mtu mdogo sana, na nilishangaa kwamba nilikuwa namwogopa. Miezi yote hii nililala nikihesabu kasi zake, na yeye hakuwa akisikiliza hata siku moja. Inauma, Shangazi, sitakuficha. Naandika haya na macho yamevimba. Lakini inaniuma kwa ajili ya stuli, kwa ajili yao hainiumi hata kidogo.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja Kuikkala. Kamati yako hainitaki, na mimi nitakuja hivyo hivyo, nitapigia chochote kitakachokuwa kimefungwa kwenye ile ngoma. Wewe kaa kwenye benchi. Ukiombwa nyimbo mbili zitakuwa mbili, na ukitaka la tatu nipe ishara mapema, nitalitoa kwa makusudi.

Limebaki moja. Nilipoinama kufungua pedali yangu niondoke nayo, Jarkko akanishika bega. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Wewe nenda, Siru, lakini pedali ibaki. Imeshazoea ngoma yetu." Wote wakasubiri nitukane. Akiba yangu yote ya tangu vuli ilikuwa pale sakafuni, nami nilikuwa nimeshalegeza skrubu ya kwanza. Nikaikaza tena. Nikamwambia ibaki, nisije nikasikia huko nje kwamba Miska kakosa mguu akasingizia kakosa pedali.

Siru